Kipande cha Gazeti Ulichonitumia, Baba

Kimulot, Jumapili baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa nje kwenye kiti chako cha kamba, miwani puani na redio karibu. Kifua kimepoa? Mama alinieleza ulivyokohoa wakati wa kupanda mahindi ukakataa kwenda hospitali, na hilo halikunishangaza hata kidogo. Yule ndama wake ameanza kula nyasi? Mimi mwilini sina neno. Ila baridi ya huku karibu na msitu wa Mau haina huruma, nalala na sweta mbili, na mvua haikosi alasiri hata moja.

Barua yako niliipata Jumanne. Mwalimu mkuu aliichukua posta ya Litein akanipa mbele ya walimu wote, nami nikaifungua kwa furaha nikidhani umeniandikia kurasa nzima. Ndani mlikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, na mstari mmoja wa mkono wako: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Rudi nyumbani, nafasi ya kufundisha hapa inakungoja hadi mwisho wa mwezi."

Nilikasirika, Baba. Nakuambia wazi kwa sababu ulinilea niseme wazi. Gazeti linasema kwamba tangu siasa ya vyama vingi ianze, watu waliotoka sehemu nyingine za nchi kama sisi, walimu na wenye maduka, wanafukuzwa huku kwenye chai. Nikajiuliza, mimi nimeishi hapa mwaka wa tatu sasa, nani amenifukuza? Siku mbili nilizunguka na kile kipande mfukoni bila kujua la kukujibu.

Ili unielewe, acha nikueleze kwanza kazi yangu. Nina watoto thelathini na wanane wa darasa la saba. Hadithi za sungura na fisi wanazisoma vizuri na kucheka mahali pa kucheka. Lakini wape maandishi ya mambo ya kweli, tangazo au taarifa au maelezo ya dawa ya kupe, utaona ajabu. Wengi walijifunza kusoma kwa sauti kanisani, kwa hiyo kila kilichochapishwa wanakisoma kwa sauti ya kanisani. Siku moja nilimpa Kipng'eno karatasi inayoeleza jinsi ya kutumia mbolea. Alisimama wima, mikono nyuma, akaisoma hadi mwisho, na darasa lote likaitikia, "Amina!" Nilicheka hadi nikashika meza. Nikawauliza kama walichosikia ni kweli. Wakanitazama kwa huruma.

"Mwalimu," Kipng'eno akasema, "si imeandikwa?"

Nilihangaika nao muhula mzima. Kilichonisaidia sikukipata chuoni. Jioni moja nilipita kwenye banda la kupimia majani chai, nikamkuta Chepkemoi, msichana wangu asiyefungua mdomo darasani, akibishana na kaka yake mkubwa. Huku karani hapokei ila majani mawili na kichipukizi chake, na kabla ya kupimiwa kila mtu humwaga majani yake mezani, akatoa yaliyokomaa huku wenzake wakimwangalia. Kaka mtu alitaka kupapasa ya juu tu waende nyumbani. Chepkemoi alikataa.

"Hii ya juu iko sawa, kila mtu huweka mzuri juu," alimwambia. "Mwaga yote. Ile ya chini ndio itarudishwa."

Kesho yake nilimwomba awaeleze wenzake kwa nini hakuamini kikapu chao wenyewe. Alieleza kwa sauti ndogo, akiangalia dawati. Kisha nikaandika ubaoni kwamba maandishi nayo tutayamwaga yote mezani. Tutauliza nani ameandika, aliona mwenyewe au aliambiwa, anataka tufanye nini, na nini hakukisema.

Ungeona wiki iliyofuata! Tulisoma katika kitabu chao cha kiada kwamba chai huvunwa mara mbili kwa mwaka. Darasa lililipuka. Watoto waliochuma chai Jumamosi iliyopita, na Jumamosi ya kabla yake, kwa mara ya kwanza walikuwa wamekishika kitabu kikikosea. Tangu siku hiyo hawakulala. Mwalimu mkuu alibandika tangazo kwamba wazazi wote wamekubali watoto waje shule Jumamosi, na Kipng'eno akamfuata hadi ofisini kuuliza wazazi wote ni akina nani, maana siku ya mkutano baba yake alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye josho.

Niliitwa. "Madam," mwalimu mkuu akaniambia, "hawa watoto unafundisha kujua ama unafundisha kuuliza tu? Mtihani inakuja." Lakini alikuwa anazuia kicheko, nilimwona. Nami nilitoka pale nikiwa na majivuno tele. Ndiyo maana wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, maana zamu yangu ya kuulizwa ilikuwa bado.

Alhamisi nilikipeleka kipande chako darasani. Hapa nataka kuungama jambo. Sikukipeleka ili watoto wajifunze. Nilitaka wakirarue vipande vipande, kisha nikuandikie kwa jeuri kwamba hata watoto wa darasa la saba wameona ni uongo.

Na mwanzo walinifurahisha. Walisema mwandishi hakutaja kijiji hata kimoja. Waliona kwamba "inasemekana" imeandikwa mara tano. Kipng'eno alisema mwandishi hakuongea na mtu yeyote wa hapa, kwa hiyo labda aliandika akiwa hotelini. Nilikuwa nayaandika yote ubaoni, nikikutungia barua kichwani, Chepkemoi aliponyoosha mkono.

"Lakini mwalimu, ile ya mwisho ni kweli."

Ya mwisho, kama unakumbuka, ilisema nyumba kadhaa zimechomwa na majirani wamenyamaza.

Nikamuuliza yale yale ya ubaoni. Uliona mwenyewe au uliambiwa?

"Niliona. Nyumba ya fundi Zakaria. Wao walikuwa wametoroka, hakuna mtu aliumia, lakini cherehani ilibaki ndani ikaungua. Sisi tuliona moshi. Baba alisema tusiongee."

Hakuna mtoto aliyemwangalia mwenzake. Nilielewa kwamba wote walikuwa wanajua, na aliyekuwa hajui mle ndani ni mimi peke yangu.

Fundi Zakaria ni mtu wa kwetu, Baba. Ndiye aliyenishonea sketi ya bluu uliyoisifu Krismasi. Nilipoona mlango wa kibanda chake sokoni umefungwa nilimuuliza bibi mwenye nyumba ninayopanga, ambaye namwita Kogo kama wajukuu wake wanavyomwita, naye akaniambia amehamia Kapsoit kutafuta wateja. Sikuuliza nani alimwona akihama. Sikwenda hata kuangalia nyumba yake nyuma ya soko. Mimi ninayewachosha watoto kwa maswali nilisema tu, "Aa, Kapsoit ni kuzuri," nikaendelea kunywa chai.

Jioni ile nilimrudia Kogo. Alikuwa anasonga ugali na hakugeuka.

"Ningekuambia ukweli," alisema, "ungelala hapa?"

Nilikula ugali wake na mboga yake, na nilikuwa namkasirikia na kumpenda kwa wakati mmoja.

Jana asubuhi baba yake Chepkemoi alikuja mlangoni kwangu. Nilijua amekuja kunigombeza kwa kumfundisha mtoto kutoa siri za nyumbani, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha. Alivua kofia, akakataa kuketi.

"Mwalimu, mtoto alisema kweli," akasema. "Mimi niliona moshi nikafunga mlango. Zakaria alikuwa rafiki yangu. Hiyo mambo inanisumbua." Akaigeuzageuza kofia mkononi. "Wewe ukitaka kuenda kwenu, hakuna mtu mwenye akili atakulaumu. Lakini ukibaki, usingoje gazeti. Siku nikiona mambo imeharibika, mimi mwenyewe nitakuja kukutoa hapa. Sitafunga mlango tena."

Alipoondoka nililia. Kisha niliyachukua maneno yake nikayauliza kama tunavyouliza darasani. Nani amesema? Mtu ninayemjua. Aliona mwenyewe? Aliona. Nini hakukisema? Hakuniahidi kwamba hakutatokea kitu. Hapo ndipo nilipomwamini.

Kwa hiyo siwezi kukuandikia kwamba gazeti lako ni uongo, ingawa niliingia darasani nikitaka sana liwe uongo. Wameitia chumvi habari yao, na ndani yake mna jambo la kweli ambalo mimi nililipita kila siku nikienda dukani. Ulikuwa na haki ya kuogopa. Nisamehe kwa zile siku mbili za hasira.

Lakini Baba, mwambie mwalimu mkuu wa huko nyumbani ile nafasi ampe mwingine. Nitakaa na watoto hawa hadi wafanye mtihani wao mwakani. Chepkemoi alisimama mbele ya wenzake akasema jambo ambalo wazee wamelinyamazia. Nikifunga virago wiki hii, atajua kwamba ukweli wake ndio ulionifukuza, na hatasema mwingine maisha yake yote. Yule baba akinigongea mlango, nitakuja hata bila viatu. Asiponigongea, niko darasani.

Nisalimie kaka Enosi na mkewe, na umwambie nimesikia ameanza kunenepa. Shangazi Roda wa kwaya mwambie bado naimba sauti ya pili, na huku wananivumilia. Mdogo wangu Janeti asivae viatu vyangu vya Jumapili, najua anavivaa.

Na Mama. Wewe ndiwe humsomea barua, Baba, na tangu utotoni nilikuwa nakusikia ukiruka mistari inayotisha, sauti inabadilika kidogo halafu unakohoa. Hii usiiruke. Msomee yote, na habari ya moshi na ya cherehani pia. Akiuliza kama naogopa, mwambie ndiyo, naogopa.

Binti yako,
Kageha