Talaka na Mkungu wa Ndizi

Jumanne.

Sikujua kwamba lazima mume mwenyewe apelekewe karatasi za talaka. Karani wa korti alinieleza polepole: mama, lete cheti cha ndoa, eleza anavyokupiga, halafu mume wako atapewa nakala ya kesi ili ajibu. Apewe, na tunaishi nyumba moja?

Niliogopa hata kuuliza. Nikatoka mbio.

Nilikuwa nimemwambia mume wangu, Baba Kemunto, naenda kuuza ndizi soko la Kebirigo. Mkungu nimerudi nao mzima kichwani, mjinga mimi. Aliuangalia tu, akanawa mikono, akaombea chakula vizuri, mzee wa kanisa.

Baada ya amina akasema, "Siku ya soko tutaenda pamoja, Mama Kemunto. Nione ni nani anakataa ndizi zangu."