A Tano ya Anastasie Kapinga

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 4, mwezi wa nane

Mazoezi ya mukono, mara makumi mbili. Kufunga vidole, kufungua. Kidole gumba inasikia, zingine hapana. Kisha chai. Kisha nilitembea toka kwetu, mutaa ya Panda, mupaka katikati ya muji, na fimbo yangu. Bantu wa miaka makumi tatu wanapanda pikipiki kwa njia hiyo. Minye natembea.

Naandika mu kitabu ya komande ya bibi yangu, muke wangu Anastasie. Yeye njo alikuwa anaandika: muntu fulani anataka kibao, maneno ni haya, rangi ni hii. Minye sikusoma mingi, miaka tatu tu ku misioni. Alikuwa ananiandikia maneno ku karatasi ya mufuko ya simenti, napanda ngazi, nachora. Vibao ya Likasi, nusu ni yangu. Bar, duka ya dawa, kinyozi, milango ya atelye, namba ya mavago ya treni ya shaba. Hakuna muntu alinishinda. Hata ba Lubumbashi walikuya kuniita.

Kurasa nyeupe zilibaki mingi. Mukono ya kushoto inaandika mubaya. Si kitu. Hakuna wa kusoma.

Misa ya siku arobaini na kutoa matanga ni siku ya posho, jumamosi, tarehe 16. Nilimuahidi Anastasie kama jina yake nitaandika minye, si muntu mwingine. Mwezi wa tano mukono ya kuume ilikufa. Mwezi wa saba yeye alikufa. Ku musalaba, seremala njo aliandika. N mbili, moja munene, moja mwembamba. Nilisimama pale naangalia zile N. Sikulia. Mupaka leo sijalia.

Siku ya pili, tarehe 5

Ku duka ya Bea. Bea ni mutoto wa mudogo ya Anastasie, mwanamuke mukubwa, batoto bane. Anaandikia bantu barua na kompyuta, anapiga fotokopi. Wiki iliyopita nilimupelekea karitoni yangu: A mupaka Z, nilichora wakati mukono ilikuwa mukono. Nilikuwa naonyesha bateja ili bachague. Bea aliipiga picha, akazungusha kila herufi na mustari mu programu yake ya kuchora. Leo imekuwa fonti. Maana yake, ukibonyeza A, inatoka A yangu.

Alibonyeza. Ilitoka.

"Papa, unaona? Ni weye huyu."

Nilimuambia hata mashini inajua fundi.

Aliandika ANASTASIE KAPINGA. Itakaa mbele ya kitabu ya misa, ile ya maombi na nyimbo tutagawia bantu. Niliangalia sana. Furaha sikusikia. Nilisikia sawa vile unaona suruali yako ku kamba ya jirani.

Siku ya ine, tarehe 7

Umeme ulikatika jana yote. Leo Bea aliweka jina na fonti mu kidude kidogo ya kubebea maandishi, tukaenda kwa Fidèle mwenye kuchapa vitabu. Yeye iko na programu ingine, si ya kuchora, ni ya kupanga kurasa. Ya zamani sana. Alifungua. Jina ilikuwa pale. Lakini herufi si yangu. Ilikuwa myembamba, kavu, sawa barua ya kufukuza muntu ku kazi.

Nilisema hii ni ya nani. Fidèle alisema mashini yake haiwezi kusoma fonti ya namna ile, basi inachukua yake yenyewe na kuweka pa nafasi. Haiulize muntu. Inaweka tu.

"Muzee, maneno ni yale yale. Bantu batasoma."

Nilimuambia bibi yangu hakuolewa na maneno. Bea alinivuta ku shati.

Kurudi nyumbani nilikula bukari, ugali ya jana. Haikuwa na ladha. Tangu mwezi wa saba kintu haina ladha.

Siku ya tano, tarehe 8

Bea anageuza fonti ili ikuwe ya namna ya zamani, mashini ya Fidèle iikubali. Kuna programu ya kufanya vile. Nilikaa nyuma yake toka asubui. Nilimuambia aende pole pole ku S. Alisema, "Papa, si minye nafanya, ni mashini." Nilimuambia basi aiambie mashini.

Bateja walikuwa wanacheka. Bacheke. Hakuna mumoja wao anaweza kuchora S bila kupima.

Siku ya kwanza, tarehe 11

Fonti ilikubali. Herufi ni yangu. Lakini zilikuwa zimeachana. A iko huku, T iko kule, katikati unaweza kupitisha baisikeli. Ku mashini ya Bea zilikuwa zinakaribiana vizuri, yeye alizisukuma moja moja. Mu kugeuza, ile kusukuma yote ilipotea. Na pale maombi ya kifaransa inataka é, ilitoka kisanduku tupu.

Nilieleza Fidèle kama T inaingia chini ya bega ya A. Kila fundi anajua. Alisema yeye si fundi wa vibao, na kitabu ya kurasa nane haiwezi kumumalizia wiki.

Nilikubali jambo moja. Maombi na nyimbo, aweke herufi ya mashini. Maombi ni ya bote. Jina, hapana. Jina niliahidi.

Bea alisema atatafuta njia. Macho yake ilikuwa nyekundu. Labda kazi, labda analilia mama yake mukubwa. 

Siku ya pili, tarehe 12

Shemeji yangu, mulamu Kabongo, alifika toka Lubumbashi, kaka mukubwa ya Anastasie. Baba yao alitoka Kasai kutumika kazi mu mashimo ya shaba, na Kabongo anazungumuza sawa yeye njo alichimba Katanga yote. Aliuliza kitabu iko wapi. Nilieleza. Alisikiliza. Kisha akasema:

"Mulamu, siku ine zimebaki. Tunatoa matanga ya dada yangu ao tunatoa matanga ya mukono yako?"

Nilimuambia atoke. Hakutoka. Ni nyumba ya dada yake pia. Tulikaa mbali-mbali mupaka jioni, yeye ku kiti, minye ku kitanda.

Neno yake iko mu kichwa.  

Siku ya tatu, tarehe 13

Asubui Bea alinipigia simu. Kabongo alipita kwa Fidèle na kumuambia achape na herufi yoyote, vitabu mia mbili, leo.

Nilivaa koti. Nilitembea mbio vile fimbo inaweza. Nilikuta Fidèle anawasha mashini ya kuchapa. Makaratasi yake ilikuwa chini, pakiti zimepangwa juu ya zingine, sawa kiti.

Nilikaa juu.

"Papa, simama, niko na kazi."

"Fanya."

"Unakalia kazi yangu!"

Alijaribu kuvuta pakiti ya chini. Minye niko muzito. Mama mumoja alikuya kuchukua kadi za harusi ya mutoto wake, akaniangalia, akamuuliza Fidèle, "Na huyu papa, analalia mayai?" Bantu walicheka mupaka inje. Fidèle pia alicheka, alafu akakasirika kwa sababu alicheka.

Kabongo alikuya saa sita. Alisimama mbele yangu. Nilifikiri atanivuta. Hakunivuta. Alisema kwa sauti kidogo:

"Mulamu, unanifanyia nini? Bantu ya Kasai bako mu njia. Nitabapa nini mu mikono?"

Nilisema, nipe mupaka kesho jioni. Kama hapana, weka hata herufi ya seremala, sitasema tena. Nilisema vile mbele ya Fidèle, na Fidèle ni shahidi. Kabongo alikubali na kichwa.

Nilibaki juu ya makaratasi mupaka Fidèle alifunga duka. Mugongo inauma. Hakuna kingine inauma.

Siku ya ine, tarehe 14

Bea alifika kwa Fidèle na kompyuta yake yenyewe mu mufuko. Alisema fonti tuiache. Mu programu ya kuchora, ataandika jina, atasukuma herufi zikaribiane, kisha atageuza jina yote kuwa muchoro. Haitakuwa tena maneno. Mashini ya Fidèle itaona muchoro tu, sawa picha ya mbuzi ao ya nyumba. Haitajua kama kuna A pale ndani. Basi haitaweza kubadilisha kintu.

"Lakini papa, tukigeuza, hatuwezi tena kuandika juu yake. Itakuwa mistari tu."

Nilimuambia geuza. Minye nilichora vibao miaka makumi ine vile tu. Anastasie anasoma, minye naona mistari. Duka ya dawa moja niliandika yote, kifaransa, na sikujua inasema nini mupaka aliponiambia chini ya ngazi.

Aligeuza. Fidèle aliingiza mu programu yake. Haikubadilika. T chini ya bega ya A. Fidèle alipiga makofi. "Muzee, enda nyumbani sasa!"

Niliangalia. Niliangalia tena. Sikusimama.

Mu ile jina kuna A tano. Tatu mu Anastasie, mbili mu Kapinga. Zote tano zilikuwa moja. Muguu ule ule, tumbo ile ile. Minye sijachora A mbili sawa mu maisha yangu. Ya kwanza unachora ungali na nguvu, inasimama sana. Ya katikati unafanya haraka, rangi inakauka mu jua. Ya mwisho iko na muguu murefu, kwa sababu umechoka na mukono inataka kushuka. Muntu anaona kibao, anajua muntu alipanda ngazi. Hii ilikuwa muhuri.

Nilimuuliza Bea: kama ni mistari, naweza kuhamisha mustari?

Alikaribia kioo. Akasema ndiyo. Sasa kila moja iko peke yake.

Fidèle alishika kichwa na mikono yote mbili, akaenda inje kununua karanga.

Tulifanya A ya kwanza. Nilitia kidole ya kushoto ku kioo ya kompyuta, nasema hapa, inua. Bea anasogeza na ile panya ya mashini. Zaidi. Zaidi. Rudisha kidogo. Umenenepesha, kata. Ya pili. Ya tatu. S ya pili nayo niliilegeza shingo. Bea hakulalamika hata mara moja. Pale A ya mwisho, nilisema vuta muguu chini. Alivuta. Nilisema tena. Alisema, "Papa, inatoka mu mustari." Nilisema, acha itoke.

Mukono ya kuume ilikuwa juu ya goti yangu wakati huo wote. Ilikuwa inasogea kidogo. Bea aliona. Aliendelea kusogeza.

Fidèle alichapa saa kumi. Kabongo alikuwa mulangoni. Alichukua kitabu ya kwanza, akaifungua, akahesabu nyimbo kama zote ziko. Jina hakuangalia.

Siku ya posho, tarehe 16

Misa. Kanisa ilijaa. Vumbi, upepo baridi. Vitabu mia mbili mu mikono ya bantu. Mama mumoja alifunga yake na kupangusa benchi. Mwingine alijikinga jua nayo. Hakuna muntu aliniambia neno ya herufi. Nilingoja. Kisha nikaacha kungoja.

Padri alitaja jina yake mara tatu. Baliimba. Walininyoa nywele, walinivua nguo nyeusi ya matanga. Bantu ya Anastasie walilia sana. Minye nilikaa, nilishika kitabu na mukono ya kushoto, kisha nikaweka vidole ya mukono ya kuume juu ya jina, moja moja, na kushikiza. Haikusikia kintu. Karatasi ni laini, nadhani.

Siku ya Mungu, tarehe 17

Bageni walienda asubui. Bea alikuya kufagia na kuosha sufuria kubwa, akaenda.

Kabongo njo alikuwa wa mwisho. Basi yake ilikuwa inangoja. Alisimama ku mulango na mufuko yake, akauliza kama vitabu zilibaki. Nilisema zilibaki. Alitaka moja ya kuweka ku ukuta kwake.

"Hii A ya mwisho," akasema, "muguu yake imetoka chini."

Nilisema nafahamu.

"Ni vile ulikuwa unaandika?"

Nilisema ni vile.

Aliangalia kidogo, akafunga kitabu, akaweka mu mufuko ya koti, si mu ile mufuko ya safari. Nilimupa ingine juu ya ile. Hatukushikana mikono, yangu haishike. Aligusa bega yangu.

Basi ilienda. Nilifunga mulango. Nililala muchana yote na viatu mu miguu.