Hatua ya Papa Mathe

Siku ya posho, 10/3/2001 – Mbau

Tumemaliza! Muti ya makumi sita na moja, libuyu munene, ile ya mbao nyekundu ya bei kali, batu bane hawaweze kuuzungusha mikono. Nimeandika mu cahier, daftari yetu: libuyu, ngambo ya kijito, hatua mia tisa toka njia. Kisha nikakaa chini na kucheka peke yangu. Miezi tano ya matope, ya siafu, ya kuomba basoda, wale askari, ruhusa ya kuingia mu pori – na yote iko mu cahier moja ya jalada ya bleu.

Hii ndiyo miti-mama. Itatupa mbegu kwa pépinière, bustani yetu ya miche ya Mususa, kule kwetu Butembo. Milima ya kule imebaki upara kwa sababu ya matofali. Kila mutu anachoma matofali, kisha analia eti mvua imebadilika, eti kisima imekauka. Mu formation ya climat, mafunzo ya hali ya hewa, walituambia: chunga kwanza ile inazaa. Donc, basi, ninachunga.

Papa Mathe ndiye alipima. Zamani alikuwaka mupasua-mbao, anajua pori kuliko nyumba yake. Kamba yetu ya kupimia iliibiwa mwezi wa kumi na moja, basi tulipima na miguu yake. Na ni murefu, yule! Toka mulango ya lupango, ku fensi, mpaka mulango ya nyumba ya yaya Léa, dada yangu mukubwa, mahali ninalala, yeye hatua kumi na moja, mimi kumi na nane. Nikamwambia anatembea kama mutu anaruka mifereji. Akasema mimi natembea kama kuku wamefunga muguu.

Siku ya Mungu, 11/3

Nimesoma rapport kanisani, saa ya matangazo. Kwa desturi yetu, comité kama yetu ya kuchunga miti ikiombewa na kanisa, inarudisha rapport mbele ya kanisa, yote, hakuna nusu. Nilivaa kitambaa kipya. Nilikuwaka mwalimu miaka kumi na mbili – ukinipa batu mia mbili wanyamavu, sikae upesi. Nilisoma muti kwa muti. Aina yake, mahali yake, hatua zake. Nikaongeza: na hizi hatua ni ya Papa Mathe, musijaribu na za kwenu! Kanisa yote ilicheka. Papa Mathe hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

Ku banc ya nyuma kulikuwa bwana moja wa shati nyeupe, anaandika. Aliinua mukono, akaomba nirudilie muti ya kumi na ine. Nikarudilia. Polepole, kama dictée mbele ya wanafunzi. Nilifurahi kabisa kuona mutu anafuata!

Siku ya tatu, 14/3

Tronçonneuse. Toka asubui ile musumeno ya moteur inalia, upande ya kijito. Nilijiambia ni mbali, ni mambo ya wengine. Saa ine Papa Mathe akafika, akasema tu: vaa botte za matope.

Muti ya kumi na ine iko chini. Na ya tisa, na ya kumi. Ile tatu yenye kuwa karibu na njia. Kisiki cha ile ya kumi na ine, libuyu nayo, kilikuwa bado kinatoa maji, na basoda wawili wamekaa juu yake wanakula ndizi. Mbegu ya mwaka huu imekanyagwa yote mu matope.

Nilianza kuokota mbegu moja moja mu yale matope. Papa Mathe alingoja nimalize. Hakunipigia kelele, na ile ndiyo ilinivunja. Alisema:

– Mama Emérence, muti hauna miguu ya kukimbia. Ulikuwa na kitu kimoja tu: kujificha.

Yule wa shati nyeupe anaitwa Syauswa. Anapeleka mbao ngambo ya mupaka, na basoda ya position, kambi yao ya hapa, wanamulinda. Kila mutu alikuwa anamujua, isipokuwa mimi mwenye kutoka Butembo na kinywa changu.

Kinywa changu! Kinywa changu!

Siku ya tano, 16/3

Wamekuja. Syauswa na basoda wanne. Alisalimia muzuri, akauliza habari ya yaya Léa, akakubali chai. Kisha akafungua kikaratasi chake. Aliandika mahali ya miti kumi na tano, amepata tatu. Zile zingine, anasema, watu wake wanahesabu hatua wanafika mu miiba tu. Pori ya hapa, ukikosea mita makumi mbili, hauone kitu.

Donc anataka cahier. Yote. Nikasema iko Butembo, kwa bureau ya comité. Uongo! Ilikuwa chini ya godoro, mita tatu toka kikombe chake.

Hakukasirika. Akaweka siku. Nitume mutu ailete mbele ya siku ya kwanza asubui. Na kwa kuwa hatua ni ya Papa Mathe, kama nilivyotangaza mimi mwenyewe mbele ya Mungu, Papa Mathe atangoja naye ku position. Kama cahier haifike, eti yeye hatajibu tena juu ya yale basoda watafanya.

Walipita kwake wakamukuta anatengeneza jembe. Hakugombana, akaenda nao.

Siku ya posho, 17/3 – Beni, kisha Mbau

Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mapema, barrière tatu za basoda mpaka Beni. Nilipiga magoti mbele ya bwana moja mwenye cachet, muhuri ya mukubwa, yeye ndiye anapaswa kulinda pori. Alinisikiliza sana. Alitikisa kichwa, akasema ni huzuni, ni vita, mama, ni vita. Kisha akauliza kama ile cahier ninayo mu kibeti. Eti aione kidogo tu, apige photocopie.

Niliondoka bila kuaga.

Kurudi, Rébecca bibi ya Papa Mathe amekaa mu lupango yetu, anapepeta maharagi yetu. Hakuna mutu alimwomba. Alimupelekea bwana wake chakula ku position. Nikauliza yuko namna gani. Akasema alitoka mwenyewe kupokea sahani, na miguu yake, muzuri, hawajamugusa. Akaendelea kupepeta. Yaya Léa akaniita mu jikoni: toa ile cahier, miti itaota tena, Mathe hataota tena. Nikamujibu libuyu inachukua miaka mia moja. Akaniangalia kama hanijue tena kuwa mudogo wake.

Siku ya Mungu, 18/3

Sikwenda kanisani. Haya.

Nimepata akili! Naandika cahier ingine. Jalada ya bleu vilevile, matope kidogo juu, hesabu za uongo ndani. Hatua mia tisa inakuwa mia ine, kulia inakuwa kushoto, kijito inakuwa mulima. Nilifika muti ya makumi tatu na nane, mukono ukaanza kuuma, nikawa karibu kuimba.

Rébecca aliingia kuchukua chumvi. Alifika darasa ya tano, anasoma polepole, na kidole. Alisoma ya kwangu mpya, akasoma ya zamani, akaelewa mbele niseme kitu.

– Na nani atatembea mbele yao na hii?

Nikafunga cahier.

– Muti ukikosekana mara ya kwanza, watamupiga. Mara ya pili? Sema, mwalimu.

Nililia mbele yake. Sikulia juu ya miti, nasema kweli hapa. Nililia kwa kuwa nilikuwa ninajipenda mu ile akili yangu, na sikumuona Papa Mathe ndani yake hata mara moja.

Kweli ya cahier inaua miti makumi tano na nane. Uongo ya cahier inaua mutu. Nimeziweka zote mbili ku meza. Zinafanana kabisa.

Siku ya kwanza, 19/3

Saa kumi na mbili na nusu. Syauswa na basoda wako mu lupango. Nilisema natafuta cahier, wamenipa dakika kumi. Naandika haraka.

Walisimama inje na Syauswa, wakamusukuma Papa Mathe aingie mulango ya lupango, aje aniulize yeye mwenyewe. Mimi na Rébecca tulikuwa ku mulango ya nyumba. Alitembea kuja kwetu. Vibaya! Muguu ya kushoto anaukokota, hatua fupi, fupi, kama muzee wa miaka makumi munane. Nilifikiri: wamemupiga, ee Mungu, wamemupiga kwa sababu yangu. Nilitaka kumukimbilia. Rébecca akanikamata mukono, akafinya mpaka ikauma.

Midomo yake ilikuwa inacheza. Sikuelewa. Kisha nikaanza kuhesabu naye.

Makumi mbili na mbili. Toka mulango ya lupango mpaka kwetu, makumi mbili na mbili, pale alikuwaka anapita na kumi na moja.

Hakuniangalia. Alisema kwa sauti, wasikie wote: Mama Emérence, uwape cahier, nitawapimia mwenyewe, nimechoka. Akageuka. Soda moja alicheka namna anavyotembea, akamuiga. Syauswa hakucheka. Anamuangalia miguu.

Sijue kama wamemuumiza ao kama ameanza kuwadanganya na miguu. Rébecca naye hajue. Jana mangaribi alimuona mara ya mwisho, alikuwa muzima. Lakini aliingia hapa jikoni sasa hivi, akatwaa ile cahier ya uongo, akaisukuma chini ya chungu ya maharagi, mu moto. Akasema:

– Upeleke ile ya kweli. Ile ya hatua yake.

Donc nimeelewa. Cahier ni ya kweli, kila mutu anaweza kuichunguza. Yeye atahesabu mia tisa bila kuiba hata moja. Na pale watafika, nusu ya njia tu, hakuna libuyu. Watauliza nani alikosea. Haitakuwa muguu, muguu ni mugonjwa, wameuona. Itakuwa mwenye aliandika.

Na mwenye aliandika wanamutaka pia. Syauswa amesema sasa hivi, ku dirisha, muzuri tu, kama alivyoomba chai: na mama naye avae botte, atatusomea.

Kusoma najua. Nitasoma kwa sauti, polepole, kama dictée.

Botte ya kushoto imeingia. Ya kuume, sioni. Yaya Léa anaitafuta na taa. Dakika kumi zimeisha.