Mkanda wa umeme na arubaini ya mamangu

Kuluthum shoga, usiufunge huo mkanda wa umeme wa kukaza tumbo. Nisikilize kwanza.

Mwaka wa sitini na moja, hapa Kisauni, mamangu Sheikha alikuwa ndani ya arubaini yake ya uzazi. Mavyaa wake, mamake babangu, akaona kufungwa mkaja wa nguo tumboni hakutoshi, akaazima mashine ya umeme ya kukaza mwili. Mzazi ashike vyuma viwili, mwenzake azungushe mpini.

Akazungusha. Vidole vya Sheikha vikakaza, havifunguki. Mwili wote watetemeka.

Mavyaa akajua ni pepo. Akamuuliza kwa heshima, huku azungusha: “Karibu bwana. Wataka nini?”

“Nataka uwache kuzungusha.”

“Pepo mwongo huyu.” Akaongeza kasi.

Shoga, akaongeza kasi.

Aliwacha alipochoka mwenyewe. Moyo wa Sheikha ulirukaruka mwaka mzima.

Na wewe moyo wako waendeshwa na betri uliyotiwa kifuani. Muulize daktari wako kwanza. Mkanda huo hauna hata mavyaa wa kumwambia awache.