Tulivyowaongoza Polisi Kwenye Mabehewa

Jumatatu, 16 Juni
Rejeta mbili za magari nimezizibua hapa gereji. Ya tatu imepasuka, nimemrudishia mwenyewe. Baridi ya kipupwe, koti mwilini hadi saa nne asubuhi.
Saa kumi jioni, kelele kutoka Kariakoo. Wale wa mapanga tena, kama kumi na tano. Wamepita duka kwa duka, wamebeba simu, wamemkata muuza mashuka begani. Kisha wakakimbilia huku kwetu Gerezani. Nimejificha nyuma ya mtungi wa gesi. Aibu kuandika, lakini ndivyo.

Jumanne, 17 Juni
Mwenyekiti wa mtaa ameniita. Afande mmoja alikuwepo. Inasemekana wale watu wanajificha kwenye mabehewa mabovu, eneo la reli. Polisi hawazijui njia za mle. Mimi na Kondo, fundi wa kuchomelea, tunazijua. Tumeokota vyuma mle miaka kumi. Wanataka tuwaongoze. Kondo amekubali papo hapo. Mimi nimekubali kwa sababu Kondo amekubali.
Mke wangu Mwajuma sijamwambia.

Jumatano, 18 Juni
Mchana tumeenda kuchungulia, tukijifanya tunaokota vyuma. Kuingia ni kwa tundu moja ukutani. Majivu bado yana moto. Maboksi ya simu yamezagaa.
Behewa la tatu, mtu amelala mdomo wazi. Shabani. Shemeji yangu, mdogo wake Mwajuma. Mwezi wa tatu alituaga kwamba anarudi Mtwara kulima.
Kondo hakumwona. Nikamwambia tuondoke, tumeshaona vya kutosha. Nimetapika nje ya ukuta.

Alhamisi, 19 Juni
Sijala. Mwajuma anauliza naumwa nini. Nimesema tumbo.
Nikimwambia, atamtafuta mdogo wake. Wakijua tunakuja watatusubiri, na watakaotangulia ni mimi na Kondo. Nisipomwambia, nimemkamatisha Shabani kwa mkono wangu. Naogopa mapanga. Mke wangu namwogopa zaidi.
Nimenyamaza.

Ijumaa, 20 Juni
Tumeingia kumepambazuka. Kondo mbele, mimi nyuma yake, polisi sita. Mbwa akabweka. Mawe yakaanza, kisha wakatoka na mapanga, kila upande. Kondo kapigwa panga la mkono. Nilisikia mfupa. Bunduki zikalia hewani mara mbili. Nikajitupa chini ya behewa, na chini ya behewa kulikuwa na mtu. Panga likanigusa shingo.
"Shemeji?" Sauti ya Shabani.
"Ni mimi. Lishushe panga, Shabani."
"Umewaleta wewe?"
Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini sikudanganya. Akaliweka panga kwenye kokoto. Nikapiga kelele: "Afande, huku! Hana silaha, msimpige!"
Wamekamatwa saba, Shabani akiwemo. Wengine wameruka ukuta. Suruali yangu ilikuwa imelowa, na haukuwa umande.
Nimerudi nyumbani nikamwambia Mwajuma yote, tangu Jumatano. Hakulia. Amechukua mto wake, amehamia chumba cha watoto.

Jumamosi, 21 Juni
Nimeenda hospitali. Vidole viwili vya Kondo havikunjiki. Mkewe akanishukuru kwa kuja. Nilishindwa kumtazama.
Walioruka ukuta wako huko nje na sura yangu wanaijua. Gereji nimekaa kutwa nikitazama mlango. Pikipiki ikizima karibu, naokota spana.

Jumapili, 22 Juni
Hakuna aliyekuja. Mwajuma bado analala chumba cha watoto.

Jumatatu, 23 Juni
Sijafungua gereji.
Mwajuma amepika wali na maharage, akatia kwenye hotpoti, akavaa baibui. Nilijua anakwenda kituo cha polisi kwa Shabani. Mlangoni akasimama, mgongo kwangu.
"Beba hii," akasema. "Nzito."
Haikuwa nzito. Nimeibeba. Tumekwenda kwa miguu, yeye hatua tano mbele, hajageuka hata mara moja. Tulipofika barabara ya mwendokasi basi lilikuwa linakuja. Akasimama. Akanisubiri tuvuke pamoja.