Mkono wa Baba Bado Uko Juu

Buger, Karatu
Mwezi wa saba

Mdogo wangu Emilian,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini wewe na wifi huko Dodoma ni wazima. Sisi tunapumua, baridi imekaza na mahindi yamekauka shambani yanangoja kuvunwa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi hugomba, nawe hukata.

Uliniuliza kama Baba anakuulizia. Nitakujibu, lakini nisikilize kwanza.

Bando unalotutumia linaishia kwenye hisabati. Kila asubuhi Baba huvaa koti lake la kufundishia, hukaa kwenye benchi, nami huegemeza simu kwenye chupa ya chai tutazame video za masomo ya chuo kikuu. Tulianza na aljebra ya mistari. Sasa tuko kwenye topolojia, elimu ya yale yasiyobadilika kwenye umbo hata ukilivuta na kulipinda. Jirani yetu Leonce alikuja akaniambia, dada Sabina, mwekee mzee kwaya, hizo namba za nini, kwani mbinguni kuna mtihani? Nilimjibu kwamba upo, na yeye atafeli. Mtu amefundisha shule ya msingi Malambo maisha yake yote, chuo kikuu hakikumfungulia mlango. Leo mlango umemfuata sebuleni, halafu tuufunge kwa sababu ana mvi? Leonce aliondoka bila kumaliza chai.

Shida ni kwamba Baba huinua mkono. Humwona profesa wa kwenye video kama yuko mbele yake, akangoja kuitwa, na profesa huendelea tu. Mara ya kwanza alikaa hivyo mpaka akauegemeza kwa mkono wa pili. Sikuvumilia kuona baba yangu anadharauliwa na simu. Nikasimamisha video, nikasema, ndiyo, Mwalimu Tluway, uliza. Tangu hapo mimi hutazama somo kabla yake, najifunza ili niweze kumjibu.

Wiki iliyopita profesa alisema mstari uliofungwa usiojikata, hata ukipinda vipi, hugawa uwanja kuwa ndani na nje. Jicho linaliona hilo, lakini uthibitisho ni mrefu, akauruka. Baba alicheka, akasema kila mtoto wa Malambo anajua ndama wake yuko ndani ya boma au nje, ila kujua si kuthibitisha, na mwalimu mvivu hamtaki. Kisha akainua mkono. Nikasimamisha video.

Akasema kwa adabu ya mwanafunzi kwamba ana watoto wawili, Emilian mpole na Sabina mgomvi anayebishana hata na padri. Siku hizi haoni hata mmoja wao. Je, wako ndani au nje?

Nilikuwa nimekaa mbele yake, Emilian, nimemshika goti. Nikamwambia wako ndani. Akanitazama sana, akasema nithibitishe.

Unanijua, sijawahi kukosa neno mbele ya mtu yeyote. Siku hiyo niliiwasha tena video, nikamwachia profesa aendelee.

Basi jibu lako ni hili: anakuulizia. Anatuulizia wote wawili. Sura zetu ndizo hazijui tena. Mimi hanijui tangu Pasaka, na nilikugombeza kwenye simu ili usifike kuniuliza kama bado ananijua.

Njoo kabla hajaacha kuinua mkono. Ukifika usijitambulishe, wala usilie mlangoni. Kaa kwenye benchi kando yake, uwe mwanafunzi mwenzake. Atakusogezea nafasi, wageni wote huwasogezea.

Msalimie wifi, wabusu watoto.

Dada yako mgomvi,
Sabina Tluway