Kabla ya Hitima ya Ijumaa

Msimbu, Jumanne, Mfungo Tano

Hamisi mwanangu, baba yako hajambo, ila goti. Dada yako Mwanaidi hajambo. Mkeo Zena hajambo, mihogo yote ya mwaka huu kailima yeye. Nakuandikia humu daftarini kwa sababu sijui pa kukupelekea barua tangu Wajerumani walipokuchukua ukawabebee mizigo ya vita.

Leo baba yako mdogo Salum kaja tena na maneno yake. "Shemeji, Mjerumani kaondoka, Mwingereza kaingia, mwaka mzima sasa nchi yaitwa Tanganyika. Wewe bado unangoja mpagazi?" Anataka Ijumaa tukusomee hitima.

Nikamwambia hitima husomewa maiti, na mimi maiti sijamwona. Nilitaka kumfukuza kwa mwiko. Ndipo Zena akasema taratibu, huku anamenya mihogo, "Mama, mimi si mke, si mjane. Niacheni nikae eda, niimalize."

Mtoto wa watu kakungoja mpaka wenzake wana watoto wa kutumwa maji, na hata siku moja hajaninunia. Nikakubali, mwanangu. Nisamehe.

Nguo zako wamezikusanya zitolewe sadaka. Ile kanzu ya Idi niliikalia, hawakuiona.

Mpunga wa hitima tumeshautwanga. Kama upo, popote ulipo, tuma neno upesi, hata kwa mpita njia. Lifike kabla ya Ijumaa. Likifika Jumamosi litanikuta nimeshakuzika.